Asubuhi ya Damu ya Mzee

Kazi yetu ilikuwa vipande viwili, kama suruali ambayo miguu yake bado haijaungwa. Kukata kulifanyika Kawangware, upande wa Kabiro, katika chumba cha mabati chenye meza ndefu iliyojaa alama za chaki. Kushona kulifanyika Kibera, Soweto East, katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa, ambako dada watatu walikaa na cherehani zao wakielekea dirishani kufuata mwanga. Mimi nilikuwa Kabiro, kwenye kazi ya kumalizia: kupinda, kutia vifungo, kupiga pasi. Kati ya vyumba hivi viwili kulikuwa na mtu wa boda aliyebeba mafurushi, na kulikuwa na grupu yetu ya simu.

Ungetuuliza ofisi iko wapi, tungekuonyesha simu. Asubuhi ilifunguliwa kwa mstari wa Biblia uliowekwa juu ya picha ya waridi, kisha picha ya kikombe cha chai, kisha kazi. Hakuna aliyeomba taarifa ya maendeleo. Tuliulizana, "Imeiva?" na jibu likawa, "Bado inachemka," hata kama kilichozungumziwa kilikuwa sketi. Mtu akiandika kwamba yuko njiani, tulijua bado anatafuta kiatu cha pili.

Bosi wetu, mwanamke mrefu aliyezaliwa Kakamega na kukomaa Kawangware, aliandika kila kitu kwa herufi kubwa. Alisema ndogo zinamchosha macho. Wiki yangu ya kwanza nilidhani nimemkosea, maana nilikuwa nikipokea maneno kama LETA UZI MWEUPE na UMEKULA. Kumbe lile la pili lilikuwa swali. Ana kwa ana sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba cherehani moja ikinguruma humsikii.

Upande wa Soweto East, aliyejibu ujumbe kwa niaba ya wenzake alikuwa mdogo wao, na hakuwahi kuandika neno hata moja. Alituma stika tu. Paka aliyelala maana yake umeme umepotea. Bibi anayecheza akitikisa kiuno, mzigo umekamilika. Mtoto anayelia, zipu mlizotuma ni fupi. Tulimwita Dada wa Stika, na Bosi alikuwa akisema huyo msichana anaendesha nusu ya biashara bila kufungua mdomo.

Halafu kulikuwa na Fundi, mkataji wetu. Yeye hakuandika wala hakutuma picha. Alituma sauti. Alikuwa baba wa makamo, mtu wa Magharibi mwa Kenya kama wengi wetu, lakini ufundi aliujifunzia Mombasa, kwa mshonaji mmoja wa kanzu, na kutoka huko alirudi na mkasi mzito na majina ya rangi. Sisi wa Nairobi tulikuwa na maruni, krimu na brauni. Yeye alikuwa na damu ya mzee, samli na maji ya kunde. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukajikuta tunaandika vilevile, na mtu wa boda akawa anauliza kama furushi la samli liko tayari.

Nimekumbuka hayo yote kwa sababu ya majoho ya kwaya.

Bosi alikuwa amefungua kile chumba cha Soweto East kwa kuamini kwamba kazi itakuja, na kazi ilikuwa haijaja vya kutosha. Mwenye chumba alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kuna mtu mwingine anakitaka, wa kuuza gesi, na kwamba anasubiri jibu lake Jumatatu. Ndipo kanisa moja la huko Kibera likatupa kazi ya kushonea kwaya nzima majoho. Yakipendeza, kina mama wa kanisa lilelile walikuwa tayari kuleta zao, na vijana wao nyuma yao. Yasipopendeza, chumba kinafungwa na dada watatu wanabeba cherehani zao kurudi nyumbani. Bosi hakutueleza kwa maneno mengi. Aliandika kwenye grupu mstari mmoja tu: HAYA MAJOHO NDIYO SOWETO.

Tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka kwaya ikaongezeka. Waimbaji wapya watatu walijiunga wiki ileile ya Jumapili ya kuyavaa, na mwalimu wa kwaya, mtu wa msimamo, akasema wote wavae sare au wote waimbe na nguo za nyumbani. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Muuzaji wetu wa Kawangware alisema mzigo mwingine utafika wiki inayofuata.

Sasa, mimi na Fundi tulikuwa majirani. Tulipanga ploti moja huko Kongo, mtaa wa Kawangware, vyumba vya mabati vimetazamana, mfereji wa maji ya bomba katikati, bafu mwishoni. Mwenye ploti, mzee wa Kikuyu ambaye baba yake alilima pale kabla ya vyumba, aliishi mbele kwenye nyumba ya mawe pamoja na mkewe tuliyemwita Shosho, yaani nyanya. Yeye tulimwita Mzee, basi. Ploti nayo ilikuwa na grupu yake, na humo Mzee aliandika jambo moja tu mwaka mzima: Fungeni mfereji.

Alhamisi hiyo niliisikia sauti ya Fundi mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka chumba kilichotazamana na changu, ikipenya mabati, moja kwa moja kutoka mdomoni mwake, nami nikiwa bado nafunga kitambaa kichwani. Sikuisikiliza, kila asubuhi alirekodi. Kisha nikasikia mlango wake, na ndara zake zikielekea bafuni. Mara ya pili ilitoka kwa simu ya jirani wa kulia. Halafu ya jirani wa kushoto. Halafu kwenye foleni ya mfereji, simu tatu nne kwa pamoja, kila moja ikichelewa nyingine kidogo, hata sauti ya Fundi ikawa inatembea ploti nzima kama mhubiri aliyejigawa.

"Habari za asubuhi wapendwa," ilisema. "Mungu ametuamsha salama. Sasa, damu ya mzee imetuishia, na mnajua wamebaki watatu. Leo kila mtu atoke aitafute damu ya mzee. Hata kidogo kidogo, tutaunganisha. Mkasi nimeunoa, uko tayari. Nikiipata kabla ya saa sita nawakata wote watatu leo leo, na Jumapili kanisa litaona."

Nilikimbilia simu yangu. Katika grupu ya kazi hapakuwa na kitu zaidi ya waridi na mstari wa Zaburi. Katika grupu ya ploti palikuwa pamewaka moto. Mama anayekaanga mandazi aliuliza kama Fundi bado ameokoka au amebadilisha. Kijana wa chumba cha mwisho aliandika kwamba kama damu ya kijana inafaa, yeye anayo nyingi na hana kazi. Mwingine alitaka kujua wale watatu ni kina nani, na kama yeye ni mmoja wao basi aambiwe mapema asije akafua nguo bure. Na chini ya yote hayo, Mzee mwenyewe, aliyekuwa hajawahi kuandika zaidi ya mfereji: Niko kwa chai. Nani anataka damu yangu.

Nikaenda kugonga bafu.

"Fundi, ile sauti umetuma kwa ploti."

"Sauti gani?"

"Ya damu."

Maji yaliacha kumwagika. Watu kwenye foleni walijikaza wasicheke.

"Basi ifute," alisema.

"Mzee ameshasikia. Anakuja."

Alikuja kweli, kwa gambuti na sweta, kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono mwingine. Foleni ilimpisha. Fundi alitoka amejifunga taulo, povu bado liko sikioni.

"Wewe Fundi," Mzee alianza, pole pole, "mimi nilikukosea wapi?"

Fundi alieleza kwamba ni rangi. Mzee aliwageukia watu wa mfereji na kuwauliza kama kuna mtu anaijua rangi hiyo. Hakuna aliyeijua. Nikasema mimi naijua, akanijibu kwamba mimi ni wa genge lake, ushahidi wangu haufai. Ikabidi nikimbie chumbani mwangu nikalete kipande kilichobaki kwenye mfuko wangu wa mapindo. Mzee alikishika, akakigeuza upande na upande.

"Hii ni maruni."

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo damu ya mzee."

"Kwa nini ya mzee? Ya kijana ina shida gani?"

Fundi alipangusa povu akafikiri. "Ya kijana ni nyekundu tu, inarukaruka. Ya mzee imetulia."

Mzee alikitazama tena kile kipande. Kicheko kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, mpaka chai ikamwagika kwenye gambuti. Ploti nzima ikapata ruhusa. Mama wa mandazi alikaa chini kabisa juu ya ndoo yake. Kijana wa chumba cha mwisho alitangaza kwamba kuanzia leo yeye si mweupe wala mweusi, yeye ni mtu wa maji ya kunde, rangi niliyokuwa nimemfundisha palepale.

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, lakini nilipomtazama Fundi niliona yeye hacheki. Alimwambia Mzee kwa sauti ya chini jambo lenyewe: kwaya, waimbaji watatu wapya, kile chumba cha Kibera, dada watatu wanaokitegemea. Alisema hakuwa anatania kwenye ile sauti. Alikuwa anaomba.

Ndipo Shosho akatoka mlangoni, leso begani. Inaelekea alikuwa amesimama pale muda wote. Alichukua kipande kutoka mkononi mwa mumewe, akakileta karibu na macho.

"Mzee," alisema, "si hii ni ile ulinunua kwa ruracio, kama mtu anayevisha kijiji kizima?"

Ikabidi tuelezwe. Siku ya mahari ya binti yao, shangazi zake walikubaliana kuvaa rangi moja, na Mzee, kwa furaha, akanunua kitambaa bila kuuliza shangazi ni wangapi. Kilichobaki kilikuwa chini ya kitanda tangu siku hiyo, na Shosho hakuwa amemsamehe kikamilifu. Alikwenda akakitoa mwenyewe, robota nzima, bado imefungwa kamba.

Tuliifungua mwangani, juu ya kamba ya nguo. Fundi aliweka kile kipande chetu juu yake, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Kitambaa kilikuwa cha aina ileile, mguso uleule, lakini rangi ilikuwa nzito zaidi.

"Huyu ni mzee zaidi," alisema kwa huzuni.

Nilipiga picha vikiwa pamoja nikaituma kwenye grupu ya kazi, iliyokuwa bado haijui lolote. Niliandika kwa kifupi kitambaa kimetoka wapi. Jibu la Bosi lilikuja: HAIFANANI. WAPYA WATASIMAMA KAMA WAGENI.

Alikuwa sahihi, nasi tulijua. Niliona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha: NAMPIGIA MWALIMU WA KWAYA. NITAMWAMBIA WATATU WATAKOSA.

Watu wa mfereji walikuwa wametuzunguka wakisoma kwenye simu yangu bila aibu, na kijana wa chumba cha mwisho alikuwa ameinama juu ya bega langu. Watatu wakikosa, kwaya yote inavaa nguo za nyumbani. Majoho yetu yangebaki kwenye furushi, na Jumatatu mtu wa gesi angeleta mitungi yake.

Kisha ikaonekana Dada wa Stika anaandika. Nilidhani simu imekosea.

bosi ngoja usipige, aliandika. Halafu: wale watatu wanaoimbisha hukaa mbele. hao ndio wavae hii nzito. majoho yao ya kawaida tuwape wale wapya. Halafu tena, upesi, kama mtu anayeogopa kukatizwa: itakayobaki tutie kola kwa kila mtu. itakaa ni kama tulipanga.

Mmoja wa wenzake, aliyekuwa amekaa naye chumba kimoja, alimwandikia kwenye grupu, Kumbe unajua kuandika? Alijibiwa na paka mwenye miwani.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, Bosi alituma sauti. Ilikuwa fupi, na laini hivi kwamba Fundi alilazimika kubana simu sikioni, na sisi tukamsubiri atuambie.

"Amesema, kata."

Mzee alikataa kusikia habari ya malipo. Alichotaka ni kuonyeshwa damu yake itakapofika kanisani. Fundi akamwingiza kwenye grupu ya kazi palepale, na ujumbe wake wa kwanza humo ulikuwa Fungeni mfereji, kwa mazoea. Bosi alimjibu SAWA MZEE.

Siku mbili zilizofuata nazikumbuka kama wimbo mmoja mrefu. Fundi alikata majoho matatu mazito asubuhi hiyohiyo, na mchana akaanza kola, mkasi ukipita kwenye kitambaa kwa ule mlio wa kutafuna taratibu. Mtu wa boda alikwenda Soweto East na kurudi mpaka akaanza kuita ile njia shamba lake. Dada watatu walifumua kola za majoho yaliyokuwa tayari, wakatia mpya, na kila rundo lilipokamilika ilikuja picha: majoho yamelala moja juu ya jingine, kola nzito zote zimetazama upande mmoja, kama watu waliogeuka kumwangalia anayeingia. Mimi nilikwenda Kibera siku ya Jumamosi kufupisha mapindo ya waimbaji wapya, maana mmoja wao alikuwa mfupi sana na alirithi joho la mwimbishaji wa sauti ya nne aliyegusa dari. Niliketi sakafuni na sindano yangu, cherehani tatu zikinguruma juu yangu, dirisha wazi, watoto wakipiga mpira nje ya jengo. Dada wa Stika alikuwa anaongea. Aliongea bila kupumua, juu ya kola, juu ya mama yake, juu ya pilipili, na wenzake wakaniambia yuko hivyo siku zote. Ni kuandika tu ndiko anakoogopa, kwa sababu shuleni walimcheka kwa herufi zake.

Kilichokuwa kinasemwa kwenye grupu siku hizo hakikuwa na mpangilio. Mzee aliuliza kama kola yake imepigwa pasi. Shosho, akitumia simu ya Mzee, aliuliza kama tumekula. Bosi aliandika NANI AMEKAA NA TEPU YANGU, na tepu ilikuwa shingoni mwake.

Jumapili Bosi alikwenda kanisani peke yake. Sisi tulibaki kila mtu mahali pake na simu mkononi. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya nyumba ya mawe huko Kongo, kati ya Mzee na Shosho, na Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu akiwa amevaa koti lake zuri, kama kwamba kanisa lingeweza kumwona. Video ilichukua muda kufunguka. Kwanza tuliona migongo ya watu na feni. Kisha simu ya Bosi ikapanda juu ya vichwa, na kwaya ikaingia.

Waliingia kwa kuyumba, kulia, kushoto, kama zinavyoingia kwaya zote, lakini mbele walitangulia wale watatu wanaoimbisha, na ile rangi yao nzito ilikuwa imetulia kweli, kama alivyosema Fundi. Nyuma yao wengine wote walikuwa wepesi kidogo, na kwenye shingo ya kila mmoja palikuwa na mstari wa ule uzito, ukiwafunga pamoja na walio mbele. Waimbaji wapya sikuweza kuwatambua. Nilitafuta yule mfupi. Sikumwona mpaka video ilipokwisha na kuanza tena.

Mzee alisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Hao wa mbele," alimwambia Shosho, "hao ni mimi."

"Ni kitambaa changu," alisema Shosho. "Wewe ulitaka kukimaliza kwa shangazi."

Fundi alikuwa anahesabu mikunjo ya mabega, nadhani, na hakuona kosa.

Baada ya ibada Bosi alipiga simu na kutueleza mengine. Mwalimu wa kwaya alimshukuru kwa kuwatofautisha waimbishaji, jambo alilokuwa akilitaka tangu zamani asijue namna ya kuliomba. Bosi hakuweza kukubali sifa isiyo yake, akamsimulia yote pale pale mlangoni mwa kanisa, sauti iliyopotea njia, damu, taulo, hata povu la sikioni. Mwalimu yule wa msimamo alicheka mpaka akashika ukuta, na kina mama waliokuwa wakipita wakasimama kuuliza kuna nini. Ndivyo Bosi alivyojikuta amezungukwa na kina mama wanaonyoosha mikono wapimwe, na tepu, kwa bahati, alikuwa ameivaa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Kabiro nawasha makaa ya pasi. Waridi lilikuwa limeshatumwa, na Zaburi, na chai. Fundi alikuwa anatandaza karatasi mezani, kwa kuwa kina mama walitaka mtindo mwingine kabisa na bado hatukujua rangi. Mzee alikuwa ameshapendekeza ya kwake. Simu zetu zikalia pamoja.

NIMETOKA KWA MWENYE CHUMBA, Bosi aliandika. Tukasubiri. Fundi aliweka chaki chini. Alama zilionyesha bado anaandika, na mwanamke yule wa herufi kubwa alikuwa haandiki haraka hata siku moja.

SOWETO TUNAKAA.

Kabla yeyote kati yetu hajajibu, Dada wa Stika alituma sauti. Niliibonyeza. Hakuwa amesema neno lolote. Ilikuwa ni cherehani moja inaanza, kisha ya pili inaifuata, kisha ya tatu, zote zikikimbia pamoja mpaka mwisho wa rekodi. Fundi aliisikiliza amefumba macho. Kisha akachukua mkasi, akaniomba nishike upande wa pili wa karatasi, tukaanza kukata.